Nishikie Siku Tatu

Watu wengine wa Bulla Pesa, hapa Isiolo, hutundika ukutani picha ya harusi, wengine kalenda ya duka la dawa za mifugo. Kiende alitundika mkataba. Kurasa tatu, vipengele kumi na kimoja, umepigwa chapa kwa saiba ya Kabiru kule karibu na soko, halafu ukavishwa plastiki ngumu kama cheti cha kuzaliwa. Mumewe Kubai aliporudi kutoka safari ya kupeleka miraa Moyale, alisimama mbele ya ule ukuta, akavua kofia, akauliza ni nani amekufa.

Usimcheke Kiende. Alikuwa na sababu. Mteja wake wa kwanza, bwana mmoja wa kuuza viatu kwenye mtandao, walifanya naye kazi kwa mdomo tu. Kiende alijibu barua za wateja wake miezi minne, akawa anawajua wanaovaa namba tisa na wanaorudisha kila kitu. Asubuhi moja akaketi kwa kompyuta, neno la siri likakataa. Akaandika, kimya. Akapiga, kimya. Angemshtaki nani? Chifu angemwita huyo mtu kwa barua gani, aje kutoka wapi? Alilia siku mbili, ya tatu akaosha uso na kuapa kwamba hatafanyia binadamu mwingine kazi bila karatasi.

Ndipo akampata Bi Meredith. Huyu alikuwa mwalimu wa piano katika mji mdogo wa Uingereza, mama wa makamo, na watoto hamsini na wawili wanaokuja nyumbani kwake kufundishwa. Alitaka msaidizi wa kumpangia ratiba: nani anakuja saa ngapi, nani amehamisha siku, nani hajajiandikisha kwa mtihani. Kazi yote ni ya kompyuta, unaweza kuifanya ukiwa popote, hata Isiolo. Kiende hakuwa amewahi kugusa piano, aliijua ile ya umeme ya kanisani tu, lakini baada ya mwezi mmoja alikuwa anajua kwamba mapacha wa Alhamisi hawapangwi pamoja kwa sababu wanapigana, na kwamba Edmund hulia kila mtihani ukikaribia.

Kabla ya hapo lakini Bi Meredith alisita. Anwani za watoto hamsini na wawili, namba za simu za wazazi wao, azikabidhi kwa mtu ambaye hajamwona? Kiende aliona kazi inateleza hivi hivi mbele ya macho yake. Akafungua ule mkataba aliokuwa ameunakili mtandaoni, akaongeza kipengele cha saba bila kuombwa na mtu. Kipengele kilisema kazi itafanywa na Kiende mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe. Neno la siri halitapewa mtu mwingine yeyote kwa sababu yoyote. Na hilo likivunjwa, mkataba umekwisha siku hiyo hiyo. Bi Meredith alitia sahihi kabla ya chai ya saa kumi. Akaandika kwamba katika maisha yake hajakutana na mtu makini kiasi hicho. Wiki hiyo yote Kiende alitembea mjini kama MCA aliyeapishwa jana.

Ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga, ikamwita Wakili. Na yeye jina likamwingia, akaanza kuandikia watu mikataba hata wasiotaka. Alimwandikia Amino, muuza anjera wa mlangoni, mkataba na mtu wake wa maziwa. Amino akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole. "Wallahi, Kiende, huyu mtu wa maziwa ni mjomba wangu. Hii nitampelekea nikimwambia nini?" Alimwandikia pia Natabo.

Natabo alikaa chumba cha pili, mama ya Akaale, mtu wa Ngaremara. Miaka miwili alikuwa nyuma ya kioo cha duka la M-Pesa, mpaka duka likafungwa, na tangu hapo alifulia watu nguo. Kiende alimwandikia mkataba mzuri na yule mwalimu wa kike aliyekuwa akimfulia kila Jumamosi. Mwalimu akausoma mpaka mwisho, akasema asante, akatafuta mfuaji mwingine. Natabo hakukasirika. Alisema tu, "Ni karatasi ilimshtua." Na mchana mwingi, akiwa hana nguo za kufua, alileta viazi vyake akamenya mlangoni kwa Kiende, akichungulia kompyuta na kuuliza hiki ni nini, na hiki je. Kiende alimwonyesha. Ilikuwa ni mazungumzo tu.

Sasa lazima nikwambie jambo moja la pale kwa ploti, maana bila hilo hutaelewa. Pale vitu vyote hushikwa. Unaenda choo, unamwambia jirani, nishikie maharagwe. Unaenda matanga kule Maua, nishikie nyumba. Amino akienda kuswali, Natabo hukaa kwa meza ya anjera, na mteja akija anaambiwa, "Mwenyewe ametoka, mimi namshikia tu." Mteja ananunua, anaenda. Hakuna mtu aliyewahi kuandika hilo mahali popote, na hakuna aliyewahi kuliita udanganyifu.

Jumatatu asubuhi, mimba ikiwa ya wiki thelathini, Kiende aliinama kuchukua sufuria akaona damu. Haikuwa nyingi, lakini damu ni damu. Kubai alikuwa njiani, ng'ambo ya Marsabit, simu haishiki. Amino ndiye aliyemfunga leso na kumpandisha kwa tuktuk. Hospitalini daktari alimpima, akamwonyesha kwa mchoro: kondo la nyuma limekaa chini, mlangoni kabisa. Mtoto ni mzima. Ila mama asisimame. Asiende choo, asiende dirishani, asishuke kitanda kwa lolote.

"Siku ngapi?" Kiende akauliza.

"Tunaenda siku kwa siku," daktari akasema, akaenda kitanda kingine.

Siku kwa siku! Na wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya kuandikisha watoto mitihani. Ijumaa orodha inafungwa. Kiende alilala pale miguu ikiwa imeinuliwa juu ya mito miwili, akipiga hesabu. Kumwambia Bi Meredith ukweli? Kipengele cha tisa, alichokiandika yeye mwenyewe, kilisema akitaka kuwa nje ya kazi atatoa taarifa siku kumi na nne kabla. Alikuwa amepanga kuitoa mwezi ujao, kwa utaratibu, na tarehe zake. Taarifa ya siku kumi na nne kwa damu ya leo angeitoa wapi? Na yule mtu wa viatu alikuwa bado anamkaa rohoni. Aliona neno la siri likikataa tena.

Akampigia Natabo. "Mama Akaale, ufunguo uko kwa Amino. Fungua kompyuta. Nishikie siku tatu tu."

"Wewe lala," Natabo akasema. "Siku tatu ni nini? Neno la siri ni gani?"

Neno la siri lilikuwa jina la mtoto. Alikuwa amelichagua mwenyewe kimoyomoyo, hajamwambia Kubai, hajamwambia mama yake. Kila asubuhi aliliandika kwa vidole na kutabasamu peke yake, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake. Akageukia ukuta, akaweka mkono mdomoni.

"Gakii," akanong'ona.

"Nini? Mtandao unakatika. Sema kwa nguvu."

"Gakii! Halafu mwaka huu. Halafu alama ya mshangao."

Wodi nzima ikasikia. Kitanda cha pili kulikuwa na mama Mborana anaitwa Tache, aliyefanyiwa upasuaji jana yake, mtoto wake amelala kwapani. "Ni jina zuri," Tache akasema. Kiende alivuta shuka mpaka kidevuni. Alijisikia kama amevuliwa nguo.

Natabo aliishika ile kazi, na aliishika vizuri. Mimi ningependa kukwambia aliharibu, hadithi ingekuwa rahisi. Jumanne Kiende alikuwa anafuata kila kitu kwa simu, barua moja baada ya nyingine, moyo juu, akitafuta kosa, na kosa halikuwepo. Mama yake Edmund aliandika kwamba kijana ameanza kulia tena, labda asifanye mtihani. Kiende angemjibu kwamba tarehe ya mwisho ni Ijumaa. Natabo alijibu kwamba kijana apige kwanza wimbo anaoupenda, hata kama si wa mtihani, mikono yake ikishapata joto ataacha kuogopa. Mama Edmund akamwandikisha saa ile ile. Na jioni Bi Meredith akaandika: Kiende, wiki hii una upole fulani, sijui umetoka wapi, wazazi wameuona.

Kiende alisoma hiyo mara tatu. Alifurahi, kazi imesimama. Na pia ilimchoma, kwa nini nikufiche? Miezi sita hakuna aliyemwambia ana upole.

Jumatano asubuhi ikaja barua fupi. Bi Meredith anataka simu ya video saa nane mchana kwa saa za Isiolo, waonane, ampe shukrani kwa mdomo, na wapange Ijumaa. Kiende aliisoma simu ikiwa na asilimia tatu. Akampigia Natabo, laini inatumika. Akapiga tena, simu ikazima mkononi. Soketi iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa mezani kwa sista, upande ule mwingine wa wodi. Sista akaichukua, akaichomeka, akaiwasha, akamwambia, "Tulia mama, ikijaa nitakuletea." Kisha akaitwa chumba cha kujifungulia, akaondoka mbio.

Saa sita. Saa saba. Kiende alikuwa anaiona simu yake. Ilikuwa hatua kumi, labda kumi na mbili. Imelala pale mezani kando ya kitabu cha majina, nyeusi, halafu ikawaka. Ikazima. Ikawaka tena. Alijua ni Natabo, anauliza, hii simu ya video nifanye nini. Na jibu lilikuwa fupi sana: usipokee, andika kwamba mtandao ni mbaya. Maneno sita tu. Ikawaka tena.

"Tache," akasema, "mama, nisaidie. Ile simu."

Tache alijaribu, Mungu ambariki. Alishika mshono kwa mkono mmoja, akateremsha mguu mmoja, uso ukamgeuka rangi, akarudi akiwa anahema. Kiende akainua shuka. Akateremsha mguu wake mwenyewe.

"Weka huo mguu juu!" Tache akapaza sauti hadi mtoto wake akaanza kulia. "Juu! Unataka kuua Gakii kwa sababu ya simu?"

Kiende akauweka mguu juu. Hapo ndipo jina la mtoto wake liliitwa na mtu mwingine kwa mara ya kwanza, tena kwa kugombezwa. Akalala huku anaangalia ile simu ikiwaka na kuzima mpaka ikaacha, na saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika tano. Machozi yalimwingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali, na hakuwa na la kufanya, hata kuyafuta hakuyafuta.

Sista alimletea simu saa tisa. Natabo alipopokea alikuwa na furaha tele.

"Dada Kiende! Huyo mama ni mzuri, kumbe! Ako na paka mkubwa hivi, anakaa juu ya piano. Nilikupigia mara sita nikuulize, nikaona umelala, nikapokea."

"Ulimwambia nini?"

"Alisema, habari Kiende. Nikamwambia, mimi si Kiende. Mwenyewe yuko hospitali, ni mjamzito, ameona damu, haruhusiwi kushuka kitandani, mimi ni Natabo, jirani yake, namshikia tu."

"Ulimwambia hivyo."

"Sasa ningemwambia nini? Si ameniona uso? Alikaa kimya, halafu akaniuliza jina langu niliandike. Akasema pole sana, anakuombea. Kwani nimekosea?"

Kwa meza ya anjera Natabo angekuwa amesema sawasawa kabisa.

Barua ilifika saa kumi na moja. Ilikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Bi Meredith alisema amesikitika kuhusu damu, na yeye aliwahi kupoteza mtoto, asishuke kitandani. Kisha akasema kwamba alipokuwa akiwaomba wazazi wamruhusu kuweka msaidizi, aliwasomea kipengele cha saba neno kwa neno, kwa sababu kilikuwa kizuri kuliko chochote ambacho yeye angeandika. Aliwaahidi kwa maneno yale. Wiki hii anwani za watoto wao zilisomwa na mtu ambaye hawakumjua. Kama Kiende angemwandikia Jumatatu mstari mmoja tu, wangepata njia. Lakini hakuandika, na mkataba unasema umekwisha siku hiyo hiyo. Malipo yake yote hadi leo ameshayatuma.

Kubai akapatikana jioni hiyo kutoka Turbi, upepo unavuma kwenye simu. Alipoambiwa mtoto ni mzima, alilia kidogo, akajikohoza. Alipoambiwa mambo ya kazi akasema, "Si umwambie tu ni ugonjwa? Mtu akigonjeka ni nani wa kumlaumu?"

"Imeandikwa, Kubai."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

Kubai akasema atafika kesho kutwa barabara ikikubali.

Kiende hakutaka kukubali bado. Wakili ni wakili. Mkataba wowote una mlango, alijiambia, nitaupata. Simu yake ilikuwa ya zamani, faili lenyewe likikataa kufunguka kwayo, basi akampigia Natabo. "Simama pale ukutani. Nisomee, kuanzia mwanzo."

Natabo akasoma pole pole kwa ile sauti ya kusoma ujumbe wa M-Pesa. Cha kwanza, kazi. Cha pili, saa za kazi. Kiende alifumba macho akisikiliza, na kila kipengele alikumbuka alikitoa wapi na alijisikiaje siku hiyo. Cha nne, siri za mteja. Hicho alikiweka ili aonekane wa maana. Cha saba Natabo alikisoma mpaka katikati, sauti ikaanza kufifia.

"Endelea," Kiende akasema.

"Dada, hapa inasema neno la siri..."

"Najua inasema nini. Endelea."

Cha nane. Cha tisa, zile siku kumi na nne. Cha kumi na moja: hakuna neno la mdomo, ombi wala udhuru utakaobadilisha mkataba huu. Hicho alikiandika akimfikiria yule mtu wa viatu, meno yakiwa yamekazwa, ili mtu kama yule asimponyoke tena. Natabo akafika kwenye sahihi.

"Imeisha?" Kiende akauliza.

"Imeisha. Kwani hakuna cha ugonjwa? Hata shule ya Akaale iko na karatasi ya ugonjwa."

Kilikuwepo. Hilo ndilo jambo ambalo Kiende hakuwa amemwambia mtu. Mkataba alionakili ulikuwa na vipengele kumi na viwili, na cha kumi na mbili kilisema msaidizi akiugua atamjulisha mteja siku hiyo, na atataja mtu wa kumshikia kazi, mteja akimkubali. Kiende alikisoma na kukifuta. Aliogopa. Alifikiri Bi Meredith ataona neno ugonjwa na neno Kenya kwenye karatasi moja, na atatafuta mtu wa kwingine. Wiki ile ile alikuwa na mimba changa na hajui.

"Dada Kiende? Uko?"

"Niko. Asante. Funga mlango vizuri."

Alhamisi, saa ya kuona wagonjwa, Natabo aliingia na chupa ya uji, na begi ya kompyuta begani. Hakukaa. Alimsalimia Tache, akamsifu mtoto, akamimina uji, akauangalia uji, akautazama ukuta. Kiende alimjua. Mtu akiwa na neno zito haangalii uso.

"Sema, Mama Akaale."

"Ameniandikia. Yule mama. Kwa hii namba yangu, nilimpa jana aliponiuliza." Natabo aliongea haraka, akitaka kumaliza. "Anasema wazazi wa Edmund wamemuuliza mtu aliyewajibu ni nani. Anasema orodha ya mitihani inafungwa kesho na hana mtu. Anasema anataka kunichukua mimi, lakini sawasawa, wazazi waambiwe jina langu. Nikamwambia siwezi, hiyo ni kazi ya mwenyewe. Akasema mwenyewe hawezi kurudi. Hata mimi nikikataa, hawezi kurudi. Anasema mimi nilimwambia ukweli kabla hajauliza."

Kiende alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alitaka kumchukia. Aliitafuta hiyo chuki kwa bidii, akamwangalia Natabo mikono yake iliyobambuka kwa omo, viatu vyake vya plastiki vya kuazimana na binti yake, na chuki ikakataa kuja. Kama angeweza kusimama angetoka nje akapige kelele kwa barabara. Lakini hata hilo lilihitaji miguu.

"Na mimi nifanye nini?" Natabo akauliza, na sasa alikuwa analia. "Wewe niambie. Ukisema nikatae, ninakataa. Leo hii. Ananiuliza kama nina mkataba. Mimi nitatoa mkataba wapi?"

Tache alijifanya amelala. Mtoto alimsaliti kwa kukohoa.

Uji ukapoa. "Lete kompyuta," Kiende akasema.

Aliiweka juu ya tumbo, akiwa amelala, kiwambo kikimwegemea usoni. Akafungua faili. Palipoandikwa Kiende akaandika Natabo, mara kumi na tisa, na kila mara alihesabu. Kazi, saa, siri za mteja. Kwenye kipengele cha saba alikaa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Akafikiria watoto hamsini na wawili na anwani zao. Akakiacha.

"Hiki ukikisoma ukielewe," akasema. "Usimshikishe mtu. Hata uwe unakufa. Hata mimi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Kisha akashuka mpaka chini kabisa, baada ya cha kumi na moja, na akaandika kutoka kichwani kile alichokuwa amekifuta. Msaidizi akiugua, atamjulisha mteja siku hiyo hiyo. Atamtaja mtu wa kumshikia kazi, mteja akimkubali. Jina la mtu huyo ni. Hapo vidole vikasita. Natabo alikuwa ameinama juu ya bega lake, anasoma.

"Weka jina lako," Natabo akasema. "Ni nani mwingine? Weka wewe."

Kiende aliutazama ule mstari. Alijua Bi Meredith angeufikia, angeliona lile jina, na angeukataa mkataba wote, kwa upole, na kwa barua ya kuombea. Akaweka nukta, nyingi, mpaka mwisho wa mstari.

"Utatafuta mtu," akasema.

Alituma. Bi Meredith alitia sahihi kabla saa ya kuona wagonjwa haijaisha, na Natabo akaisoma sahihi hiyo mara mbili bila kutabasamu. Sista alikuwa mlangoni akigonga saa yake. Natabo alifunga kompyuta, akaiweka kwenye begi, akaitoa tena, akairudisha miguuni mwa Kiende. "Hii ni yako."

"Utafanya na nini kazi kesho? Enda nayo. Tutaongea."

Natabo akaichukua. Alifika karibu na mlango, Kiende akamwita.

"Mama Akaale. Ukifika nyumbani, kitu cha kwanza kabla hujafungua barua yoyote, badilisha neno la siri."

"Niweke gani?"

"Weka lolote. Lakini hilo toa." Mkono wake ulikuwa tumboni. "Hilo lina mwenyewe."